Boti la Kumi na Moja

Kila sanduku la umeme ambalo Torbjørg Halsnes alilifunga ndani ya boti lilikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nyekundu, uliopita juu ya kifuniko ukashuka ubavuni. Kucha zake mwenyewe hakuzipaka rangi tangu siku ya harusi yake. Mstari ule ulikuwa wa kuwakomesha wavuvi. Mtu akifungua kifuniko, rangi inakatika, na rangi ikishakatika Torbjørg hakanyagi tena kwenye boti hilo. "Ukitaka kuchokoa, chokoa," alikuwa akiwaambia, "ila usinipigie simu ukiwa huko nje huna taa wala redio."

Nao hawakuchokoa. Teistvær, kijiji chetu kwenye pwani ya kaskazini ya Norwe, ina maboti thelathini na kitu, mengi yake ya mtu mmoja mmoja, na kwa miaka ishirini na sita redio, rada, pampu na taa zake zote zilipita mikononi mwa mwanamke huyu mfupi, ambaye bega lake moja liliinama kwa kubeba mkoba wa vifaa. Huku kwetu maji ya bahari yenyewe si tatizo kubwa, kwa sababu unayaona yakija. Tatizo ni hewa. Hewa ina chumvi, na chumvi inapenya mpaka ndani ya ganda la waya, shaba inageuka kijani, kisha nyeusi, kisha unga, na kwa nje waya unaonekana mzima kama siku ulipotoka dukani.

Torbjørg aliijua chumvi kuliko alivyoujua ukoo wake. Alitumia waya wa shaba uliopakwa bati. Kabla waya haujaingia sandukuni aliupinda kuelekea chini, ili tone la maji likifuata waya lidondoke hapo kwenye pindo lisiingie ndani. Kila kiungo alikipaka grisi, na kila upenyo aliuziba kwa gundi ya silikoni. Kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba ikaingia kwenye mazungumzo ya kijiji. Mtu msiri tulisema ana mdomo wa sanduku la Torbjørg.

Sifa hizo zilimpanda kichwani. Nasema hivyo bila chuki, maana zingempanda yeyote. Ila mtu akishazoea kuitwa fundi asiyekosea, anaacha kusoma maandishi madogo nyuma ya bomba la gundi, na Torbjørg aliacha kuyasoma zamani sana.

Mwaka ule dhoruba ya Januari ilipiga gati la nje siku mbili mfululizo. Maboti kumi na moja yaliyofungwa pale yaliogeshwa maji ya chumvi juu mpaka chini, na masanduku ya pampu yakaharibika yote. Msimu wa samaki ulikuwa unaanza. Ukikosa wiki mbili za Januari umekosa nusu ya mwaka, kwa hiyo wanaume kumi na mmoja walikuwa wakimganda Torbjørg asubuhi, mchana na jioni. Feri haikuja kwa siku tisa. Gundi yake ya kazi, ile ya maboti, ilikuwa imemwishia kabla hajafunga hata sanduku la kwanza. Akaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi akanunua mabomba yote ya silikoni waliyokuwa nayo, ile ya kuzibia pembe za bafu. Kwake silikoni ilikuwa silikoni. Akafunga masanduku kumi na moja kwa siku nne, akapiga mistari yake myekundu, maboti yakatoka.

Gundi ile ilikuwa inanuka siki. Walioinusa walikuwa wengi, lakini aliyelisema ni Eilert Moflag.

Eilert na Torbjørg walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Marehemu mume wa Torbjørg, Magnor, alivua na Eilert miaka kumi na minne, na Magnor alipofariki ni Eilert aliyekuja kila Jumamosi kunywa kahawa na kukaa kimya naye mpaka akaweza kuzungumza tena. Watu wengine wana ndugu. Torbjørg alikuwa na Eilert. Basi Jumamosi moja ya Februari, mkahawa wa gatini umejaa, Eilert akaingia na ovaroli lake la mpira, akasimama katikati.

"Torbjørg! Hivi wewe umenifungia pampu au umenisindikia samaki wa heringi? Boti zima linanuka siki kama pipa la samaki wa Krismasi!"

"Bado vitunguu tu!" akadakia mmoja kule nyuma.

"Na pilipili manga, jamani, tusiisahau!" akasema mwingine.

Mkahawa ukalipuka kwa vicheko. Ulikuwa utani tu, na utani wa Eilert haukuwahi kuwa na sumu. Lakini Torbjørg alikuwa hajalala vizuri wiki nzima, vidole vimechanika kwa baridi, na hakuna aliyekuwa amemwambia ahsante. Akainuka.

"Pua yako na akili yako zimezeeka pamoja, Eilert," akasema, tena kwa sauti ya kusikika na wote. "Siku hizi hujui hata unachonusa."

Akatoka. Jumamosi iliyofuata Eilert hakuja kunywa kahawa, na yeye hakwenda kumuuliza.

Sisi watu wa huku hatupigani wala hatutukanani barabarani. Tunanyamaza. Mkikutana dukani mbele ya rafu ya unga mnatikisa vichwa, kila mtu anachukua unga wake anakwenda zake. Mgeni anaweza kukaa nasi mwaka mzima asijue nani na nani hawasemezani. Hivyo ndivyo Torbjørg na Eilert walivyopita misimu mitatu ya samaki, kijiji cha watu mia mbili na kumi, wakitikisiana vichwa.

Mwezi wa Septemba wa mwaka wa tatu Hermod, jirani yake, alimwita aongeze taa mpya kwenye boti lake. Ili aunganishe taa ilimbidi Torbjørg afungue sanduku la pampu, moja kati ya yale kumi na moja. Mstari mwekundu ulikuwa mzima. Akaukata kwa kisu, akainua kifuniko.

Maji hayakuwemo hata tone. Gundi ilikuwa imeshika kama mwamba, na pale ndipo alipopata mshtuko, kwa sababu ndani ya sanduku kavu kila ncha ya shaba ilikuwa imevaa koti la kijani. Aligusa waya mmoja kwa ncha ya kidole ukakatika, unga ukamwagika kiganjani. Chumvi haikuwa imeingia. Kitu kilichoila shaba alikifungia humo yeye mwenyewe. Alipofika nyumbani alivaa miwani akasoma nyuma ya bomba tupu lililobaki ghalani, yale maandishi madogo. Silikoni ya bafu inapokauka inatoa siki, na siki hiyo inakula shaba. Isitumike kwenye umeme. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha nne.

Ubaya wake ni kwamba mvuvi hawezi kujua. Pampu ya kutoa maji kwenye tumbo la boti ina swichi ya njia mbili. Ukiiwasha kwa mkono inafanya kazi vizuri, kwani waya huo haupiti sandukuni. Waya unaopita sandukuni ni ule wa kujiwasha yenyewe maji yakipanda, pamoja na wa king'ora cha kukuita. Unajaribu kwa mkono, inaunguruma, unaridhika.

Usiku ule hakulala. Asubuhi akaanza kupiga simu. Aliwapigia wenye maboti tisa, mmoja baada ya mwingine, na hapa ndipo alipoongeza kosa juu ya kosa, kwa maana hakuwaambia ukweli. "Ni ukaguzi wa kawaida," alisema. "Bure. Leta boti." Wakaleta, wakafurahi, mmoja akamletea hata paja la kondoo lililokaushwa. Masanduku tisa yaliyobaki aliyafungua moja moja, na yote tisa yalikuwa yameoza kama la Hermod. Akabadilisha waya kwenye yote, la Hermod likiwemo, akafunga upya kwa gundi ya haki.

La kumi na moja lilikuwa la Eilert.

Jina lake lilikuwa la mwisho kwenye karatasi, na alilifikia kila siku. Angemwambia nini? Angeanza na siki. Hakukuwa na namna ya kueleza bila kuanza na siki, na kuanza na siki ni kusema Eilert alisema kweli siku ile mkahawani na yeye ndiye aliyekuwa mjinga mbele za watu. Siku moja alipiga moyo konde, akashuka gatini na mkoba wake begani. Eilert alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafunga ndoana kwenye kamba. Aliinua uso. Akatikisa kichwa. Torbjørg naye akatikisa kichwa, akampita, akaenda mpaka mwisho wa gati ambako hakukuwa na boti lolote, akasimama anaangalia maji kama mtu mwenye shughuli, kisha akarudi njia ile ile. Alijiambia: wiki ijayo.

Wiki ya mwisho ya Oktoba boti la Eilert lilizama.

Bahari ilikuwa tulivu, jambo lililowashangaza wote. Yeye alikuwa mbele anavuta kamba, redio inaimba, na nyuma kule shafti ya propela ikaanza kuvujisha maji. Pampu haikujiwasha. King'ora hakikulia. Alipogeuka, nyuma ya boti ilikuwa imeshakaa chini, maji yanapanda kwenye injini, na injini ikazimika. Aliwahi kuingia kwenye chelezo cha uokoaji. Hermod alimkuta baada ya dakika arobaini, midomo ya bluu, anatetemeka lakini mzima. Boti lenyewe lilikwenda chini mita mia mbili.

Torbjørg aliposikia, alikaa kwenye ngazi ya duka huku watu wakipita. Kwanza alimshukuru Mungu kwamba mtu yu hai. Pili akajua kwamba lazima aseme, na aseme leo.

Hakusema leo. Na kesho yake Eilert mwenyewe alisema. Alikaa mkahawani, blanketi bado begani, akawaambia watu: "Nadhani niliisahau ile swichi. Nilidhani nimeiweka kwenye kujiwasha. Naona kama nimeiweka, lakini haiwezekani niliiweka, si ndiyo?" Waliokuwepo wakaangalia vikombe vyao. Mtu wa miaka sitini na minane anayevua peke yake akishasema amesahau, hakuna anayebisha. Hata bima haikubisha.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio kuliko woga wa Torbjørg. Binti yake Eilert, Synnøve, alikuja kutoka mjini Tromsø. Ni binti mwema, msimlaumu. Alimkuta baba yake anarudi mlangoni mara tatu kuhakikisha amefunga, anasimama mbele ya jiko amelishika kwa kiganja kuona kama limezimwa, na akaogopa. Daktari alisema vipimo ni vya mzee wa kawaida. Lakini Synnøve alikuwa na boti zima chini ya bahari la kumwonyesha daktari, na watu kijijini nao wakaanza kukumbuka kwamba, ehe, hata Torbjørg alishasema zamani akili ya Eilert inazeeka. Maneno yake yalimrudia hivyo, kutoka kwa muuza duka, huku anapokea chenji. Alitia chenji mfukoni akaenda nyumbani.

Siku ya pili ya Krismasi alikwenda kwa Eilert na sahani ya lefse, chapati laini za huku, zilizopakwa siagi na sukari, amekusudia kutoa yote. Eilert alimfungulia mlango, akamkaribisha kwa jina, maneno ya kwanza baada ya karibu miaka mitatu, na uso wake ulifurahi hivi kwamba Torbjørg alishindwa. Akakaa, akala, akasifu nyama. Synnøve akamnong'oneza jikoni, "Ahsante kwa kuja, shangazi. Anahitaji watu waliomjua alipokuwa sawa." Hata hapo hakusema. Januari Eilert akahamishiwa kwenye makazi ya wazee ya mji wa pili, nusu saa kwa gari. Leseni yake ya uvuvi ikaenda kwa mwingine. Synnøve akasimamisha kibao cha kuuza nyumba kwenye theluji.

Mwishoni mwa Februari, siku ya Jumamosi, Torbjørg alipita mbele ya nyumba ile akaona kibao hakipo. Roho ilimsuta. Akajiambia labda wameahirisha, labda bado kuna siku, na akaendesha gari moja kwa moja mpaka makazi ya wazee bila hata kuvua ovaroli.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Eilert alikuwa na chumba chenye dirisha linaloangalia maegesho ya magari.

"Kaa, Torbjørg," akasema. "Kahawa yao maji matupu, lakini ni ya moto."

Hakukaa. "Sanduku la pampu yako lilikuwa bovu," akasema.

"Langu?"

"Lako na mengine kumi. Ile gundi yenye siki inakula shaba. Nilijua tangu Septemba. Wale kumi niliwabadilishia waya. Wewe sikukuita."

Eilert alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Nilisikia unawakagulia watu bure," akasema polepole. "Nikasema, huyu bado amenuna. Nikasema, basi, mimi siwezi kumuomba."

"Sikuwa nimenuna. Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kukwambia ulisema kweli." Sasa alikuwa analia, na hakujali nani anamwona. "Nilikuja gatini. Ukanitikisia kichwa, nami nikapita. Nilipita tu, Eilert."

Aliacha kukoroga. "Ngoja kidogo. Ile swichi. Unasema hata kama ingekuwa kwenye kujiwasha..."

"Pampu isingewaka. Wala king'ora kisingelia. La kwako siwezi kulitolea ushahidi, liko chini. Lakini nililifunga siku moja na la Hermod, kwa bomba lile lile. Kumi nilifungua, na yote kumi yameoza."

Kwenye korido mtu alikuwa anasukuma toroli la vyombo. Eilert alisubiri mpaka likapita.

"Kwa hiyo niliiwasha," akasema.

"Uliiwasha."

"Niliiwasha. Kwa kidole gumba, pale naacha gati, kama siku zote. Kila nikifumba macho naiona. Nikawa najiambia, mzee, unajitungia hadithi ili usione aibu." Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza. "Miezi minne, Torbjørg! Nafunga mlango, narudi kuangalia. Synnøve aliniuliza jina la mbwa wetu wa zamani, nikashikwa na hofu mpaka jina likanitoka. Rapp! Jina lake Rapp. Nalijua!"

"Nisamehe."

Alifuta macho kwa kitambaa cha mezani, kisha akasukuma simu kuelekea kwake. "Mpigie Synnøve. Nikimwambia mimi ataona ndiyo yale yale. Mwambie wewe, kama ulivyoniambia."

Torbjørg akapiga. Akaeleza yote tangu mwanzo, amesimama, mgongo kwa dirisha, bila kujitetea.

"Funguo za nyumba nilikabidhi jana," Synnøve akasema mwishowe. "Saa nane mchana. Wameinunua watu wa kusini, iwe ya kuja kukaa kiangazi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Ulikaa mezani kwetu Krismasi, shangazi. Ulikula nasi."

"Ndiyo."

Simu ikakatwa. Torbjørg aliendelea kuishika sikioni kidogo, maana hakujua aiweke wapi.

"Amesemaje?" Eilert akauliza.

Alipogeuka alimkuta ameshasimama. Koti alikuwa amelivaa, zipu imefungwa mpaka shingoni, na alikuwa anatafuta kofia yake kitandani. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, uso wa mtu anayewahi maji.

"Tunakwenda na gari lako, au mpaka tungoje basi?" akasema. "Nyumba itakuwa baridi kama jokofu, lakini kuni nilipasua mwenyewe, zipo za kutosha."

Torbjørg akamshika mkono, akamwomba akae kwanza.